Nina waridi 41 Kisesa, vichwa kama vifungo vya koti. Maua Mwanza yanalipa kweli?

#1 JiweLaKisesa
Wakuu, mwangaluka.

Nina robo eka Kisesa nyuma ya nyumba, nusu yake mawe (Mwanza hii, nani hana). Nataka shamba dogo la maua ya kukata, niuze hapa hapa mjini, bila kupiga sumu kila wiki. Bondeni kwetu kuna kisima cha watu, na maji yote ya huku mwisho wake ni ziwani. Kilichonisukuma ni harusi. Kila nikienda naona maua yamekesha kwenye basi kutoka Arusha, yamefika yameinamisha shingo, na kamati imeshalipa.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilileta miche 45 ya waridi ya kubebeshwa, ile iliyounganishwa kwenye shina la waridi jingine. Minne ikafa, 41 ipo. Maua inatoa, tena mengi, ila kichwa ni kama kifungo cha koti, siku mbili kimefunguka kimeisha, na bua halifiki urefu wa rula ya shule. Isipokuwa mche mmoja. Uko kwenye kona ya bafu la nje. Huo unatoa ua la kujaa kiganja na bua refu mpaka nimeuwekea mti wa kuegemea. Miche yote ilishuka gari moja, siku moja, kwa muuzaji mmoja.

Sasa ni joto la Mwanza, ni udongo, au ni mimi? Nipanue, au nirudi kwenye mahindi kama mzee wangu anavyonishauri kila Jumapili?

#2 NgojaWaje
Nakaa hapa na karanga zangu.

#3 MtuWaMatone
Mkuu, ni joto la usiku. Usiku ukiwa wa baridi waridi linajenga kichwa taratibu. Ukiwa wa joto linakimbilia kufungua kabla halijashiba. Ndiyo maana wenzetu wa Kenya wako Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, na wengine wamepanda juu zaidi kufuata vichwa vikubwa. Ziwa letu liko mita 1,134. Usiku wetu wa kawaida ni nyuzi 17, 18. Utalibembeleza sana hilo waridi.

#4 Mzee_wa_Pasiansi
Mnamvunja moyo kijana bure. Arusha na Mwanza zinapishana nini? Wote tuko juu. Bibi yangu alikuwa na mawaridi Bwiru, mbele ya nyumba, makubwa kama sahani ya chai.

#5 MtuWaMatone
Mzee shikamoo. Arusha mjini ni kama mita 1,400, na mashamba ya maua mengi yako kwenye miteremko ya Meru, juu zaidi ya hapo. Halafu waridi la bibi lilikuwa la bustani: petali nyingi, bua fupi, harufu mpaka barabarani. Muuza maua anatafuta bua la sentimita 50 lililonyooka, na ua lililofumba litakalofungukia ukumbini. Hizo ni mbegu mbili tofauti kabisa.

#6 Mzee_wa_Pasiansi
Marahaba. Lakini lilikuwa kubwa.

#7 NilikataUsaRiver
Nimefanya kazi miaka minne kwenye shamba moja la maua upande wa Usa River, Arusha, jina siliweki. Nilianza kama mkataji, nikamalizia kwenye kupanga maua. MtuWaMatone kuhusu baridi hakukosea, ila kabla hatujalaumu hali ya hewa, mleta mada atuambie anakataje.

Kule ua halichumwi hovyo. Unateremka na bua mpaka jani la pili lenye vijani vitano, unakata juu yake kidogo, kwa mshazari, na jicho lililobaki liangalie nje ya mche. Ukikata juu sana, bua linalofuata linatokea kwenye kijiti chembamba, na kijiti chembamba kinazaa kichwa chembamba. Machipukizi ya pembeni, yale yanayojitokeza chini ya ua kubwa, unayang'oa kwa kucha yakiwa bado kama punje ya mtama. Ukiyaacha wanagawana chakula, wote wanatoka wadogo. Kidole gumba changu cha kulia mpaka leo kina doa la kijani lisilotoka, mume wangu anasema ni cheti changu.

Na vijiti dhaifu hatukuvikata. Tulivikunja chini kuelekea njiani, vibaki na majani yake. Hivyo ndivyo jiko la mche. Mabua ya kuuza yanasimama juu, yanakula kutoka kwenye jiko.

Kwa hiyo wewe unakata wapi?

#8 JiweLaKisesa
Dada asante. Nakiri kosa. Nakata fupi, juu kabisa, nikiamini nauonea huruma mche. Machipukizi ya pembeni ndiyo nilikuwa nayafurahia, nikihesabu maua.

Lakini sasa umenichanganya. Ule mche wa bafuni sijawahi kuugusa kwa kisu hata mara moja. Kuna nyigu wamejenga pale ukutani. Haujakatwa, haujang'olewa kitu, haujakunjwa, na ndio bingwa.

#9 NgojaWaje
Nyigu ndio mabwana shamba 😂

#10 LuseniMtupu
Mnazunguka mbuyu. Kisesa nyingi ni luseni, ule mchanga wetu wa juu karibu na majabali. Unamwaga maji asubuhi, mchana hayapo, na mbolea imeondoka nayo. Ukishuka kidogo unakuta itogolo, chini kama sentimita 40 kuna tabaka gumu, jembe linalia. Ukifika bondeni kabisa ni mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unaingia. Robo eka yenye mteremko inaweza kuwa na aina zote tatu. Mche wa bafuni huenda umekaa kwenye udongo mwingine tu, basi.

Chukua udongo sehemu tofauti, peleka kituo cha utafiti wa kilimo Ukiriguru wakupimie kabla ya kununua mbolea yoyote. Wakati unasubiri, weka samadi iliyooza vizuri, changanya na pumba za mpunga zilizokaa msimu mzima. Mimi naongeza na mapanki, yale mabaki ya mifupa ya sangara.

#11 Kirumba_Kwetu
Mapanki kwenye waridi?! Bibi harusi anusie shada, akutane na soko la samaki la Mwaloni.

#12 LuseniMtupu
Cheka. Mfupa ni fosforasi na chokaa, na waridi linataka vyote viwili.

#13 Shangazi_Igoma
Mimi nilimsikiliza mtu kama #10 mwaka juzi. Nikafukia mapanki mabichi ndoo mbili chini ya maua ya jikoni, shimo la kama shubiri moja, nikatandaza udongo vizuri nikaenda kulala. Saa nane usiku mbwa wa mtaa mzima wapo uani kwangu, kenge mmoja yuko katikati, na maua yangu yako juu ya paa la banda la kuku. Sijui yalifikaje kule. Asubuhi jirani ananiuliza kama tumefiwa.

Mapanki yanachomwa kwanza mpaka yavunjike kwa mkono, yanatwangwa, ndipo yanachanganywa na udongo. Na msitumie uchafu wa dagaa waliotiwa chumvi, utaunguza mizizi.

#14 LuseniMtupu
Wabeja, shangazi. Hapo kwenye kuchoma nilisahau kusema.

#15 Shangazi_Igoma
Ulisahau!

#16 Mvuvi_Mstaafu
Mbona hakuna aliyetaja magugu maji? Yamejaa, bure, unavuta kwa reki. Mboji yake ni nzuri. Tangu yaingie ziwani mwishoni mwa miaka ya 80 tunayalaani tu, bora yatufae.

#17 MtuWaMatone
Naunga mkono, ila mjue mnachobeba. Zaidi ya asilimia 90 ya gugu maji ni maji. Ukivuta kilo 100, zikikauka una kilo chini ya 10. Kwa aliye Kayenze, pale ziwani, sawa, kwa wa Kisesa hela ya guta itazidi faida. Lioze kwenye lundo linalopata joto, ukiligeuza, kwa sababu mbegu zake zinakaa miaka. Na linanyonya madini mazito kwenye maji machafu. Kwenye mchicha ningeogopa, kwenye ua la kuweka mezani sina shida nalo.

#18 MamaShada
Habari zenu. Napamba kumbi hapa mjini mwaka wa tisa huu. Ngoja niseme upande wa hela, maana mnaongelea udongo kama vile maua yanajiuza.

Mimi sipendi kununua Arusha. Nanunua kwa sababu nikipiga simu Jumatano kwamba nataka mashina 200 meupe yafanane, Ijumaa yanafika. Yamechoka, ndiyo, lakini yamefika na yanafanana. JiweLaKisesa ana miche 41. Mungu akimjalia yote ichanue siku moja, harusi moja inaimaliza kabla ya meza kuu. Halafu Jumamosi inayofuata niseme nini kwa mteja?

Waridi mwachieni mwenye baridi. Vitu ninavyokosa Mwanza ni vingine. Majani ya kujazia, kwanza kabisa, naokoteza kwenye uzio wa watu kama mwizi. Zinia. Selosia, ile yenye kilemba cha jogoo, hiyo inapenda jua la kwetu na ikikatwa inakaa. Alizeti za mapambo zenye kichwa kidogo. Gladiola za madhabahuni. Hivi havivumilii basi, vinavunjika au vinanyauka, kwa hiyo Arusha hawezi kukushinda. Mwezi wa 11 na 12 kuna mahafali za vyuo, watu wananunua shada hata la alizeti tatu.

Na hiyo habari ya bila sumu, nakupongeza, lakini miaka tisa hakuna bibi harusi aliyewahi kuniuliza. Usipandishe bei kwa hilo. Mimi mwenyewe nimeacha ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua, inavunjika inakuwa vumbi la plastiki na haiozi. Natumia waya wa banda la kuku nimeukunja ndani ya chombo. Wateja hawajui, mgongo wangu ndio unajua.

#19 JiweLaKisesa
Mama, hapo kwenye majani umenifungua macho. Zinia inachukua muda gani?

#20 Binti_Buhongwa
Nalima zinia, nijibu mimi. Mbegu mpaka ua la kwanza ni siku 60 hadi 70. Ikifika urefu wa shubiri moja na kidogo unakata ncha yake ya kati. Inauma roho, lakini mabua yanatoka manne pale palipokuwa na moja. Nafasi mche kwa mche ni shubiri moja na kidogo.

Kosa la wote wanaoanza ni kukata mapema. Ua linaonekana limefunguka, unalikata, saa mbili baadaye shingo imelala. Shika bua kama shubiri moja chini ya ua, litikise. Kichwa kikicheza kama cha mtu anayesinzia kwenye daladala, liache. Likisimama lote kama kijiti, kata. Hutakosea tena.

Adui ni ukungu, ule mweupe kama umepakwa unga. Ukinyeshea majani jioni umeualika. Mwagilia chini tu. Mimi napuliza baking poda kijiko kimoja cha chai kwenye lita ya maji na tone la sabuni.

#21 Kirumba_Kwetu
Nilijaribu hamira. Maua hayakuumuka.

#22 MtuWaMatone
😂 Binti, hata baking poda siyo yenyewe. Baking poda ina asidi na wanga ndani. Inayotumika ni soda ya kuokea tupu, ile bikaboneti. Nayo ni ya kuzuia, ukungu ukishashika haiondoi. Na usizidishe, ni chumvi ile.

#23 Binti_Buhongwa
Basi yangu imekuwa ikifanya kazi kwa imani.

#24 DerevaMstaarabu
Naomba nitetee mabasi kidogo. Mnasema maua yanachoka kwa safari. Mimi nimebeba maboksi hayo miaka mingi. Yakiwa peke yake buti la kushoto yanafika mazima. Yakichanganywa na ndizi mbivu au maembe, yanafika yamepukutisha. Nimeona zaidi ya mara moja. Wenzangu wanasema ni joto la injini, lakini joto mbona ni lile lile?

#25 NilikataUsaRiver
Dereva uko sahihi. Tunda linaloiva linatoa hewa inayoitwa ethilini, na ua likiivuta linazeeka kwa kasi. Kwenye chumba chetu cha baridi ilikuwa marufuku kuingia hata na ndizi ya chai.

Ila kwa shingo kuinama mimi naanza na ndoo. Ndoo chafu, bakteria wanaziba bua kwa chini, maji hayapandi, shingo inalala hata kama hakuna ndizi kilomita mia. Osha ndoo kwa sabuni kama unayonywea. Kata alfajiri, tia majini hapo hapo.

#26 MamaShada
Na mimi nasema ni kukatwa mchana. Nimepokea maua yaliyotoka ndoo safi, hakuna ndizi, na shingo chini.

#27 Kayenze_Pwani
Natoka nje kidogo ya mada. Mimi nina kiwanja kinachogusa maji, nataka kuweka pampu nilime gladiola pale pale. Nasikia ni mita 30 kutoka ziwani?

#28 Wakili_wa_Mtaa
Ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya hizo mita. Na pampu ya kuvuta maji ziwani inahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Usisubiri waje wenyewe.

#29 Mvuvi_Mstaafu
Na hata sheria isingekuwepo. Mwaka 2020 maji yalipopanda mimi nilipoteza matuta manne ya nyanya, nikawa napita na mtumbwi pale nilipokuwa napalilia. 2024 yakarudi tena. Watu wanasema Uganda walifunga mageti ya bwawa la Jinja.

#30 Wakili_wa_Mtaa
Mzee, mvua za kuanzia mwishoni mwa 2019 ulizisahau? Sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa hili inatoka kwenye mvua inayonyesha juu yake lenyewe, mito ni nyongeza.

#31 Mvuvi_Mstaafu
Mvua ilikuwepo tangu enzi za babu. Bwawa limekuja 1954.

#32 LuseniMtupu
Na udongo unaoshuka kutoka milimani je? Ukijaza mchanga kwenye sufuria, maji yanapanda.

#33 MamaShada
Tulikuwa kwenye zinia.

#34 MtuWaMatone
Turudi. JiweLaKisesa, maji ndiyo yatakayoamua ukubwa wa shamba lako. Kitalu cha mita 20 kwa 10, kiangazi, kinataka kama milimita 5 kwa siku. Hiyo ni lita 1,000, tenki zima kila siku. Ukitandaza pumba au nyasi na ukafunga mipira ya matone utapunguza, lakini anza na hesabu hiyo. Kama huna tenki la pili, usiongelee robo eka.

#35 Binti_Buhongwa
Na walio karibu na ziwa wasisahau wale wadudu wanaokuja kama moshi. Hawali maua, lakini nilikuwa na zinia nyeupe zimelowa umande, taa ya uani inawaka, asubuhi nakuta kila petali imebandikwa vidudu kama ufuta kwenye mkate. Nilikuwa na oda siku hiyo. Sasa nazima taa.

#36 PimbiMkuu
Wote mmesahau mwenye Mwanza yake. Mtu ana mawe nusu ya kiwanja halafu anapanda waridi. Mimi Bugarika nilipanda 30, pimbi walikuwa wanashuka saa kumi na mbili asubuhi wanakula ncha zote, wanapanda juu ya jiwe wanaota jua wakiniangalia. Mche unaoliwa ncha kila siku lazima utoe vichwa vya kifungo. Mleta mada, una pimbi?

#37 JiweLaKisesa
Ninao 😔 Nilidhani wanapita tu.

#38 MtuWaMatone
Na hayo mawe yenyewe. Jabali likipigwa na jua mchana kutwa, usiku linatema joto. Miche iliyo karibu nalo inalala kwenye jiko. Mche wa bafuni uko mbali na mawe?

#39 JiweLaKisesa
Uko mbali. Na nyigu wapo, pimbi hawafiki.

#40 NgojaWaje
Nimerudia, nyigu ndio mabwana shamba.

#41 JiweLaKisesa
Wakuu, miezi mitatu imepita, nimerudi na mrejesho.

Nilifuata ya dada wa Usa River kwenye miche 20: kukata chini, kung'oa machipukizi, kukunja vijiti. Mabua yameongezeka, sasa yanapita rula. Vichwa vimeongezeka kidogo, ukubwa wa kizibo cha soda. Ile mingine 20 nilizungushia wavu wa pimbi tu, bila kubadili ukataji. Nayo imeongezeka, karibu sawa. Majibu ya udongo bado sijayafuata. Zinia nimepanda matuta mawili, MamaShada amechukua mafungu sita ya kwanza na majani yote ya uzio wangu, asante mama.

Bingwa wa bafuni hajabadilika. Wiki iliyopita ametoa ua, nimeliweka kwenye glasi mezani, mzee wangu alipokuja Jumapili hakutaja mahindi.

#42 LuseniMtupu
Hongera. Bafu hilo maji yake yanakwenda wapi?

#43 JiweLaKisesa
Yanatokea tundu la chini, yanapita pale pale kwenye shina.

#44 MtuWaMatone
Sasa! Kumbe mche unamwagiliwa kila siku asubuhi na jioni, na ukuta unaupa kivuli cha mchana. Ni maji tu hayo.

#45 Shangazi_Igoma
Ni sabuni. Sabuni ina fosifeti.

#46 MtuWaMatone
Shangazi, hiyo ni baadhi ya sabuni za unga za kufulia. Ya kipande na ya kuogea haina. Sabuni nyingi ingeuumiza kwa chumvi.

#47 PimbiMkuu
Mkuu JiweLaKisesa, bafu la nje, watu wangapi wanaoga hapo?

#48 JiweLaKisesa
Sita. Na wapangaji wawili.

#49 PimbiMkuu
Na usiku choo kiko umbali gani?

#50 JiweLaKisesa
Mbali kidogo. Kwa nini?

#51 Shangazi_Igoma
Jamani 😂😂

#52 MamaShada
Hilo ua la mezani naomba usiniletee.